Ukiona Mapacha, Uliza Kwao Mke

Katika Kitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, kile anachopewa kila mjamzito nchini Kenya siku ya kwanza ya kliniki, kuna sehemu fupi ya historia ya familia. Yanayoulizwa hapo ni machache, na mojawapo ni mapacha: je, kwenye familia wapo? Muuguzi husoma, mama hujibu, alama hutiwa, ukurasa hufunuliwa. Foleni ni ndefu, na bado kuna shinikizo la damu, uzani, mkojo na kudungwa kidole.

Nadhani hilo ndilo swali linalojibiwa vibaya kuliko yote kitabuni, hasa huku Awendo na upande wetu huu wa Migori na Homa Bay. Sisemi kwamba akina mama hudanganya. Mwanamke aliyeolewa hapa Sakwa, Awendo, akiulizwa habari za familia huku ameketi benchi moja na wifi yake, familia inayomjia akilini ni ile aliyoolewa. Ndiko anakoishi, ndiko watoto wake wanakohesabiwa, na siku yake ikifika ndiko atakakozikwa. Akikumbuka kwamba babu ya mume wake aliitwa Odongo, jina la pacha, atasema naam, mapacha wapo. Lakini kwamba mama yake mzazi, kule Kanyamkago au Karachuonyo au Kisii, aliwahi kujifungua wawili wakafa wachanga, hilo huenda asilitaje. Ni mambo ya kwao, tena ya msiba, na hapa si mahali pake.

Basi ametoa habari za ukoo usiohusika na kunyamazia za ukoo unaohusika. Mimba imo tumboni mwake, na kama kuna cha kurithi kinachoweza kuleta mapacha katika mimba hiyo, amekirithi kwao.

Mapacha ni wa aina mbili, na tusipozitenga hatutaelewana. Wale wanaofanana kabisa hutokana na yai moja lililorutubishwa, likagawanyika katika siku za mwanzo kabla hata mama hajajua kama ana mimba. Hao huzaliwa kwa kiwango kinachokaribiana duniani kote, jozi 4 hivi katika kila uzazi 1,000, awe mama ni wa Awendo, wa Beijing au wa Oslo. Ni tukio la bahati. Kwa kawaida hakuna ukoo unaoweza kujigamba kwamba hao ni wa damu yake.

Aina ya pili ni ndugu wa kawaida kabisa, isipokuwa wamepanga chumba kimoja kwa wakati mmoja. Mayai mawili yamepevuka katika mwezi ambao lingepevuka moja, na kila yai limekutana na mbegu yake. Watoto hao wanaweza kuwa mvulana na msichana, mmoja mrefu na mwingine mfupi, mmoja mweusi tititi na mwingine maji ya kunde. Hawa ndio wanaofuata damu, na kinachorithiwa ni wepesi wa ovari za mwanamke kuachilia yai zaidi ya moja. Mume hana ovari. Mbegu anazotoa kwa mara moja ni mamilioni, na hazijawahi kuwa haba kwa mayai mawili. Awe anatoka katika ukoo uliojaa mapacha tangu enzi za uhamiaji wa Waluo kutoka kaskazini, au ukoo usiojua pacha hata mmoja, mkewe hatapata mapacha kwa sababu hiyo.

Jambo hili halikuanza kujulikana jana. Mwaka 1964, Colin White na Grace Wyshak walichapisha nchini Marekani uchunguzi uliotegemea kumbukumbu za nasaba za Wamormoni, watu wanaoandika ukoo wao kwa bidii kubwa kwa sababu za dini. Wanawake waliozaliwa wakiwa mapacha wasiofanana walijifungua mapacha mara 1 katika kila uzazi 58. Wake wa wanaume waliozaliwa wakiwa mapacha wasiofanana walijifungua mapacha mara 1 katika uzazi 116, kiasi ambacho hakina tofauti kubwa na cha mwanamke yeyote tu. Hesabu hiyo moja ingetosha kumaliza mabishano mengi ya huku kwetu.

Hapo ndipo inapoeleweka ile kauli ya wazee kwamba mapacha huruka kizazi. Wazee waliona sawasawa, ila sababu hawakuwa nayo. Bibi anazaa mapacha. Mwanawe wa kiume anarithi kile alichonacho mama, lakini mwili wake hauna pa kukionyesha. Anaoa, anazaa mmoja mmoja, watu wanasema imekwisha. Binti wa huyo mwanamume anaolewa, anajifungua wawili, na kijiji kinashangaa. Hakuna kilichoruka. Kilipita ndani ya baba kimya kimya. Kama bibi huyo angekuwa na binti pia, huenda kisingesubiri kizazi hata kimoja.

Sasa njoo Awendo. Mji wenyewe, ambao wengine bado huuita Sare, uko kando ya barabara kuu itokayo Kisii kupitia Rongo hadi Migori na mpaka wa Isebania. Kampuni ya sukari ya Nyanza Kusini, SONY, iliundwa mwaka 1976, na tangu hapo maisha hapa yamefuata miwa: matrekta yanayomwaga miwa barabarani, viwanda vidogo vya sukari guru, mshahara unaochelewa, na watu waliokuja kutafuta kazi kutoka Kisii, Magharibi, Kuria na kwingineko. Wengi waliokuja peke yao walioa huku, na wasichana wa huku wakaolewa mbali. Tangu hata kabla ya kiwanda, Mluo haoi katika ukoo wake. Mke hutoka nje, na akishafika majirani humwita kwa jina la alikotoka: nyar Alego, nyar Kadem, nyar Kanyamkago, yaani binti wa huko. Anaweza kukaa miaka 50 katika boma la mumewe, akazika mume na akaozesha wajukuu, na bado akaitwa nyar Alego.

Jina hilo la uani ndilo lenye habari anayoihitaji muuguzi. Kitambulisho cha taifa hakina.

Majina ya Kiluo ya mapacha, kwa upande mwingine, yanajulikana hata na wasio Waluo. Anayetangulia ni Opiyo akiwa mvulana na Apiyo akiwa msichana. Anayefuata ni Odongo au Adongo. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Okello au Akello. Kwa hiyo ukipita katika daftari la shule yoyote kati ya Ranen na Mariwa, utadhani umepata sajili ya uzazi ya nchi nzima, iliyotunzwa bure bila ofisi. Jamaa zetu wa Kiniloti walioko Uganda wana desturi ya namna hiyo, na ndiyo sababu majina haya yameingia hadi katika historia ya mbali. John Okello, aliyeongoza mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964, alitoka Lango. Tito Okello, aliyeshika urais wa Uganda kwa miezi michache kati ya 1985 na 1986, alikuwa Mwacholi. Usukumani na Unyamwezini, Tanzania, wako Kulwa na Doto, na nyuma yao Shija. Buganda kuna Wasswa na Kato, Babirye na Nakato, kisha Kizza.

Sajili hii hata hivyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ndogo: mtu huweza kuitwa Opiyo kwa kurithi jina la marehemu, wala hakuzaliwa pacha. Ya pili ni kubwa. Kenya ya leo imegeuza jina la baba kuwa jina la ukoo, likishuka kutoka kwa mwanamume hadi kwa mwanawe na kwa mjukuu. Odongo aliyezaliwa pacha miaka 80 iliyopita ameacha wajukuu na vitukuu walioandikwa Odongo hadi katika pasipoti. Apiyo, dada yake pacha, aliolewa, na jina lake likaishia kwenye kaburi lake. Watoto wake wana jina la mume. Yaani mfumo umehifadhi kwa makini upande usioonyesha kitu katika uzazi unaofuata, na umefuta upande unaoonyesha. Mtu anayetafuta mapacha wa ukoo wake kwa kusoma majina atawaona wote walikopita wanaume, na ataamini kwa dhati kabisa kwamba mapacha ni mali ya akina baba.

Waganda wameifanya rasmi imani hiyo. Baba wa mapacha hupewa cheo cha Ssalongo, na mama ni Nnalongo. Nnalongo amestahili, hilo sibishani nalo. Ssalongo hutembea akiheshimiwa kwa uume wake maisha yake yote, na biolojia haina la kumpa ila hongera za kawaida anazopewa baba yeyote. Simwonei wivu, mradi watoto wapate matunzo, aitwe atakavyo. Kinachonisumbua ni pale heshima inapogeuka kuwa lawama, maana ukishakubali kwamba mapacha hutoka kwa mtu fulani, siku mapacha wanapoonekana kuwa mkosi mtu huyo atatafutwa.

Na kwa Waluo wa zamani mapacha, yaani rude, hawakuwa furaha tupu. Kuzaliwa kwao kulikuwa jambo zito lenye hatari ndani yake. Wazazi walifungwa na miiko, na ilibidi ifanyike sherehe kabla hawajarudi katika maisha ya kawaida, pamoja na nyimbo za matusi ambazo siku nyingine zingemfukuzisha mtu nyumbani. Buganda nako jamaa wa mume na jamaa wa mke hushindana kwa nyimbo za namna hiyo. Kwa Wanuer wa Sudan Kusini, ambao ni jamaa zetu wa mbali, mwanaanthropolojia Evans-Pritchard aliandika kwamba mapacha husemwa kuwa ni ndege na kwamba wawili hao ni mtu mmoja. Sehemu kubwa ya miiko hiyo imefifia Awendo. Makanisa yamekuwa na nguvu hapa kwa muda mrefu, Waadventista wakiwa na kituo chao kikongwe pale Ranen, na leo mapacha huletwa kanisani kwa shukrani wakiwa wamevalishwa sare.

Lawama ndiyo haikufifia sawasawa. Bado utasikia ikinong'onwa kwamba mwanamke fulani ametoka na mapacha wake kwao, kana kwamba amewabeba katika sanduku la harusi kwa siri. Kwa upande wa sayansi mnong'ono huo una ukweli, na ndipo utamu wa jambo lenyewe ulipo. Wenye kulaumu wamekuwa karibu na ukweli kuliko wenye kujisifu. Walichokosa ni sababu ya kulaumu.

Kuna dhana nyingine ya kuondoa, ile ya kijiji cha mapacha. Dunia inapenda hadithi hizi. Igbo-Ora, mji wa Wayoruba katika jimbo la Oyo, Nigeria, umejitangaza kuwa makao makuu ya mapacha duniani, na hauko mbali na ukweli: tafiti za miaka ya 1960 na 1970 katika eneo hilo ziliona jozi zipatazo 45 katika uzazi 1,000. Wenyeji husifu viazi vikuu wanavyokula na majani ya bamia. Hakuna aliyethibitisha hilo, kama vile hakuna aliyethibitisha kwamba mwanamke akila ndizi mbili zilizoshikamana atazaa wawili, imani ambayo ipo huku na kwingine kwingi. Kule Brazil, mji mdogo wa Cândido Godói, wenye wakazi wa asili ya Kijerumani, ulisingiziwa kwamba mapacha wake wametokana na majaribio ya daktari wa Kinazi Josef Mengele aliyekuwa mafichoni Amerika Kusini. Watafiti walifungua vitabu vya ubatizo na hawakuona ongezeko lolote katika miaka inayodaiwa. Maelezo yaliyobaki ni ya kawaida mno kuuzwa gazetini: familia chache zilianzisha makazi hayo, watoto wao wakaoana wenyewe kwa wenyewe, na kilichokuwa katika damu ya wachache kikakaa palepale.

Huku kwetu kinachofanyika ni kinyume. Kwa kuwa ukoo hauoani ndani kwa ndani, kinachorithiwa na wanawake hakikai kijijini. Huhama kila kizazi pamoja na bibi harusi. Binti wa Sakwa akiolewa Uriri amekipeleka Uriri, na bintiye akiolewa Gwassi kimefika ziwani. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ukoo wake wa Awendo una damu ya mapacha, namuuliza wake wa ukoo huo walitoka wapi. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo, kwa sababu majina ya mababa anayo hadi kizazi cha kumi, na ya akina bibi anajua mawili.

Wanajenetiki nao wamesogea mbele, japo polepole. Mwaka 2016 timu kubwa ya kimataifa, ambayo ndani yake walikuwamo Hamdi Mbarek na Dorret Boomsma wa Amsterdam, ilichapisha matokeo kuhusu jeni mbili zinazohusiana na mapacha wasiofanana. Moja, FSHB, inahusika na homoni inayokuza mayai katika ovari. Nyingine, SMAD3, inahusika na namna ovari zinavyoitikia homoni hiyo. Mwenye aina inayofaa ya jeni hizo zote mbili ana uwezekano ulioongezeka kwa asilimia 29 hivi. Usishtuke na asilimia. Kama kati ya wanawake 1,000 wa kawaida 10 wangejifungua mapacha wasiofanana, kati ya 1,000 wenye jeni hizo wangekuwa 13. Waliobaki 987 wangezaa mmoja mmoja kama kawaida. Kurithi hapa ni kuongezewa nafasi kidogo, na hakuna mganga wala daktari awezaye kumwambia msichana wa Awendo kwamba lazima atazaa mapacha kwa sababu mama yake alizaa.

Tena wanawake waliochunguzwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Afrika ndiyo yenye mapacha wengi wa asili; Jeroen Smits na Christiaan Monden walipopanga takwimu za nchi zinazoendelea mwaka 2011, Benin ilikuwa juu na karibu jozi 28 katika uzazi 1,000, huku nchi nyingi za Asia zikiwa chini ya 9. Ajabu ni kwamba damu iliyotumiwa kutafuta jeni za mapacha ilitoka mahali wanapozaliwa wachache. Hilo ni deni la sayansi kwetu, na sioni sababu ya taasisi zetu kama KEMRI, zenye uzoefu mkubwa wa utafiti hapa Nyanza, kusubiri Amsterdam ilikumbuke.

Damu si yote pia. Umri wa mama una uzito mkubwa: nafasi ya kupata mapacha wasiofanana huongezeka hadi kati ya miaka 35 na 39, kwa sababu ovari zinapoanza kuchoka mwili hutoa homoni nyingi zaidi kuzisukuma, na wakati mwingine yai la pili huponyoka. Aliyezaa mara nyingi ana nafasi kubwa kuliko anayezaa mara ya kwanza. Mwanamke mrefu na mwenye mwili mkubwa humpita kidogo mfupi mwembamba. Dawa za kusaidia kupata mimba huongeza zaidi ya yote hayo, na ndizo, pamoja na desturi ya kuchelewa kuzaa, zilizoijaza Ulaya na Marekani mapacha tangu miaka ya 1980. Kati ya miaka hiyo na mwongo wa 2010 kiwango cha dunia kilipanda kutoka jozi 9 hadi 12 katika uzazi 1,000, jozi milioni 1.6 kila mwaka.

Hebu ipime Kenya kwa mizani hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke Mkenya alikuwa akizaa watoto 8 kwa wastani. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta 3.4. Bibi zetu walizaa hadi ukomo wa hedhi, wakiwa na mimba ya nane au ya tisa katika umri uleule ambao ovari hutoa mayai mawili. Wajukuu wao wengi hufunga kazi mapema zaidi. Basi mtu anayesema kwamba zamani kulikuwa na mapacha wengi zaidi Awendo huenda hasemi uongo, na hakuna haja ya kutafuta laana wala dawa za mashamba ya miwa. Akina mama wengi wameacha kuzaa kabla ya kufika umri wa mapacha. Damu ni ileile.

Kuhusu wale wanaofanana niseme kidogo, maana habari zao ndizo hujaza magazeti. Mwaka 2019 Kakamega ilitikiswa na wasichana wawili waliofanana kama sarafu mbili za shilingi, waliolelewa katika nyumba tofauti, wakakutana kupitia mtandao wa Facebook. Vipimo vya DNA vikathibitisha kwamba ni mapacha waliotenganishwa baada ya kuzaliwa. Mwaka 2018 Tanzania iliwalilia Maria na Consolata, mapacha walioungana waliokuwa wanafunzi wa chuo kikuu Iringa, na walioungana daima ni wa yai moja. Hakuna aliyepaswa kuuliza ukoo wa yeyote katika visa hivyo viwili.

Narudi kwenye jambo lenye maana zaidi, ambalo ni uhai. Monden na Smits walipochunguza takwimu za Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2017 waliona kwamba takriban mtoto 1 kati ya 5 waliozaliwa mapacha hufa kabla ya kufika miaka mitano, mara tatu ya wanaozaliwa peke yao. Vifo vya watoto wa kawaida vimepungua kwa kasi kubwa kuliko vya mapacha. Sababu zinajulikana na kila mkunga: huzaliwa kabla ya wakati, huzaliwa wadogo, mama huishiwa damu, shinikizo hupanda hadi kifafa cha mimba, na baada ya kujifungua tumbo lililotanuka sana huvuja damu nyingi. Wa pili kutoka ndiye aliye hatarini zaidi. Odongo anaweza kuwa amelala kingamo wakati Opiyo ameshaanza kulia, na kama hakuna aliyejua kwamba yupo, dakika za kumwokoa hupita watu wakishangilia.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apigwe picha ya skani angalau mara moja kabla ya wiki 24. Skani ingemaliza suala lote. Haijali nani alitoka wapi. Lakini mjamzito wa Dede au wa mashambani kuelekea Uriri anahitaji nauli ya boda boda, fedha za skani pale ambapo haipatikani katika kituo cha serikali, na siku nzima ya kuacha kazi. Wengi hufika kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imevuka miezi mitano. Muuguzi mwenye skani chache za kugawa anahitaji sababu ya kumsukuma huyu kabla ya yule. Mwanamke wa miaka 37, mwenye mimba ya tano, ambaye dada yake alizaa mapacha, ana sababu tatu. Akijibu kwamba kwa mume wake hakuna mapacha, ya tatu imepotea, na huenda mbili za kwanza zikapita bila kutazamwa.

Kurekebisha hili hakuhitaji bajeti ya kaunti wala warsha hotelini Kisumu. Muuguzi ataje watu badala ya familia: mama yako mzazi, dada zako, mama zako wadogo na wakubwa, bibi aliyemzaa mama, bibi aliyemzaa baba yako. Huyo wa mwisho husahaulika, kwa kuwa hupitia kwa mwanamume, naye ndiye hasa yule wa kuruka kizazi. Aulize pia waliokufa wachanga, kwa upole, maana pale ndipo mapacha wengi wa zamani walipo. Ikiwezekana amuulize mama akiwa peke yake, wifi akiwa amekwenda kununua maji. Kama mama hajui, ana simu. Mama mkwe wa mumewe yuko umbali wa shilingi kumi za muda wa maongezi, na kwa kawaida hungoja tu aulizwe.

Na mwanamume wa Sakwa ambaye mama yake alizaa mapacha naye ana la kusema, ila wa kuambiwa si mkewe. Anangojwa na binti yake, siku atakapopata mimba kule alikoolewa, Uriri au Kehancha au Nairobi. Ampigie amwambie kwamba nyanya yake alizaa wawili, na kwamba wa pili alikaribia kufa kwa kuwa hakuna aliyemtarajia. Halafu amtumie na nauli ya kwenda skani.